Mfunze mtoto densi, lakini usikimbilie usaili

Mwaka 2023 kikundi cha Ghetto Kids kutoka Kampala kilipanda jukwaa la Britain's Got Talent, na jaji Bruno Tonioli akabonyeza kitufe cha dhahabu kabla watoto hawajamaliza kucheza. Video ile ilizunguka kwenye simu zetu, na nyumba nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na swali: na huyu wangu, anayecheza kutwa mbele ya televisheni, nimpeleke wapi?

Swali hilo lina mambo mawili ambayo wazazi huyabeba kama mzigo mmoja. Kuna kumfunza mtoto densi, na kuna kumpeleka kwenye usaili, yaani kucheza mbele ya majaji wanaochagua nani apokelewe na nani aachwe. La kwanza naliunga mkono karibu bila masharti. La pili linataka breki.

Wazazi wanaosita wana sababu zao. Ada ya masomo haisubiri, mtihani hausubiri, na mzazi aliyekulia mtaani anawakumbuka wanenguaji wa bendi waliotamba kwa miaka michache kisha wakasahaulika bila akiba. Hofu ya kipato ni ya kweli na sina maneno ya kuifuta. Ila ile nyingine, kwamba densi si jambo la heshima, imesahau tulikotoka. Usukumani, vyama vya Bagalu na Bagika vimeshindana kwa ngoma kizazi baada ya kizazi, na mchezaji hodari alikuwa mtu wa kutajwa kijijini. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kimekuwa kikifundisha ngoma kwa utaratibu wa darasani tangu 1981. Nchini Kenya, mtaala mpya wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za upili, na muziki na densi ni somo ndani yake. Somo kwenye karatasi halijawa mwalimu wala ukumbi wenye sakafu nzuri, najua. Hata hivyo, ni vigumu sasa kumwambia mtoto kwamba anachokipenda si elimu.

Upande wa pili wako wanaosukuma, nao wanasema muda ni mfupi. Wana haki kwa kiasi kikubwa, hasa katika baleti, ile densi ya jukwaani yenye asili ya Ulaya. White Lodge, shule ya chini ya Royal Ballet School huko London, huchukua watoto kuanzia miaka 11. Shindano la Prix de Lausanne la Uswisi, ambalo humpa mshindi nafasi ya kusoma katika shule kubwa za densi, ni la vijana wa miaka 15 hadi 18. Aliyeanza akiwa na miaka 19 amechelewa. Ndipo unaposikia mzazi akikariri kwamba samaki mkunje angali mbichi.

Lakini mifupa ya mtoto haikunjwi hivyo. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini zinazokua, na msichana anapofika miaka 10 hadi 14, au mvulana 12 hadi 16, mifupa hurefuka haraka kuliko misuli na kano zinavyoweza kuifuata. Kwa muda mtoto hukakamaa, hupoteza mizani, mguu uliokuwa unapaa unagoma. Wengine huumwa kisigino au chini ya goti. Mwalimu mwenye ujuzi hupunguza miruko wakati huo na hamfungi msichana viatu vya kusimama kwa ncha za vidole hadi kifundo na kiuno viwe na nguvu, jambo ambalo kwa kawaida halitokei kabla ya miaka 11 au 12.

Sasa fikiria usaili unaangukia wapi: katikati kabisa ya kipindi hicho. Mtoto anabandikwa namba kifuani, anasimama pamoja na wenzake wengi, majaji wanatazama urefu wa miguu, upinde wa wayo, jinsi nyonga inavyofunguka, na baada ya saa moja au mbili namba fulani zinasomwa na nyingine hazisomwi. Jibu lile linahusu mwili wa mwezi ule. Mtoto wa miaka 12 hasikii hivyo. Anasikia kwamba yeye hafai, na mara nyingi hakuna anayemweleza kwa nini.

Shinikizo hilo lina mwisho wake mbaya, na umeshaonekana. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba katika shule ya baleti ya Vienna State Opera wanafunzi walidhalilishwa, wengine wakishauriwa kuvuta sigara ili wasinenepe. Tume iliyochunguza ilisema watoto hawakulindwa ipasavyo. Na hii ni shule ambayo mzazi yeyote angejivunia mwanawe kuchaguliwa. Kupita usaili hakumwambii mzazi lolote kuhusu anayempokea mtoto upande wa pili wa mlango.

Nikitazama waliofika mbali kutoka kwetu, sioni haraka. Joel Kioko wa mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alipata somo lake la kwanza la baleti katika darasa la shule ya umma, madawati yakiwa yametolewa nje, bila kioo wala ufito wa kushikilia. Akaendelea na mazoezi Dance Centre Kenya, na miaka kadhaa baadaye akafika English National Ballet School, London. Ni kweli wavulana katika baleti ni wachache, na mlango wao ni mpana kuliko wa wasichana. Mzazi wa binti asijidanganye kwa mfano huu. Ghetto Kids nao walijulikana 2014 kwa video ya mwanamuziki Eddy Kenzo wa Uganda, miaka tisa kabla ya kitufe kile cha dhahabu. Katika muda wote huo mwalimu wao, Daouda Kavuma, aliwalea na kuhakikisha wanasoma.

Sisemi mtoto afichwe asihukumiwe kamwe. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927, ni mahali pazuri pa kuanzia: mtoto anapanda na wenzake wa shule, jaji anatoa maoni yanayofanyiwa kazi, na wakishindwa wanarudi kwenye basi wakiwa wengi. Usaili wa peke yake, nje ya nchi au mbele ya kamera, ungoje hadi mtoto mwenyewe auombe, mwalimu akubali, na mtihani wa shule usiwe jirani. Anayeitisha usaili na kudai pesa za kujiandikisha kwa simu, bila kutaja majaji wala shule inayopokea, mkatie simu.

Na pesa iliyopo, kama haitoshi kwa yote mawili, iende kwa mwalimu. Nauli na ada ya usaili mmoja wa mbali inaweza kumlipia mtoto masomo ya miezi mingi. Akisema katikati ya muhula kwamba amechoka, amalizie muhula uliolipiwa, aagane na wenzake vizuri, kisha aachwe apumzike bila kukumbushwa kila siku mezani gharama ya viatu.