Shabu Kwanza, Maua Baadaye

Kila msimu wa rozela huwa inazunguka picha ya aina moja mitandaoni: kitambaa cheupe kimetolewa sufuriani, kinachuruzika maji ya rangi ya damu ya mzee, na chini yake maelezo ya mistari mitatu ya kutia rangi nguo kwa mimea. Chemsha maua, tumbukiza nguo, iache ilale humo. Ninachokiomba siku zote ni picha ya pili, ya kitambaa hichohicho baada ya kufuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani. Haiji.

Haiji kwa sababu hakuna cha kupiga picha. Wekundu wa rozela, sawa na ule wa matunda ya zambarau, hauna urafiki na pamba. Ukikutana na sabuni unageuka buluu, kisha kijivu, na ndiyo mwisho wake. Bitiruti ndiyo kabisa, inachuja yote ukisuuza tu.

Mimi natia rangi nguo nyumbani kwa mimea, naipenda kazi hii, na naona adui yake mkubwa ni wale wanaoisifia. Wanainadi kuwa ni rahisi, ni ya bure, haina kemikali, na ni urithi tulioachiwa na mabibi zetu. Katika hayo manne sijaona hata moja ambalo ni kweli tupu.

Chukua manjano, kile kiungo cha mchuzi, maana hiyo kila mtu ameiona ikifanya kazi. Tone la mchuzi likidondokea kanzu nyeupe, ukilipiga sabuni linakuwa jekundu, ukaanza kushangaa umelifanya nini. Anika kanzu hiyo kwenye jua kali, siku chache doa limepauka lenyewe. Halafu mtu anakuuzia mtandio uliotiwa manjano akikuhakikishia rangi itadumu! Manjano inapendeza, sikatai, lakini ni rangi ya sherehe ya wiki hii.

Rangi zinazoshika mara nyingi zinatoka kwenye vitu ambavyo ukivitafuna vinakukausha ulimi: ganda la komamanga, gome la mkoko, jani la mpera. Ule ukakasi ni tanini, na tanini inaing'ang'ania pamba. Maganda ya vitunguu nayo hayajaniangusha, ukiyatangulizia shabu, lile jiwe la chumvi linaloshikisha rangi kwenye nguo, yanatoa njano iliyokolea kuelekea dhahabu, na sokoni kwenye meza za vitunguu utayapata yamejaa sakafuni. Ukiwa Muheza karibu na mashamba ya mitiki ya Longuza, chuma jani changa la mtiki ulifikiche kwa vidole viwili. Vidole vinabaki vyekundu mpaka watu watauliza umejikata na nini. Jani hilo ukilichemsha linakupa hudhurungi yenye wekundu ndani yake, ambayo kwangu inazipita rozela zote za duniani.

Anayeanza mimi humpa kokwa la parachichi. Likate vipande likiwa bado bichi. Nyama yake ni nyeupe, lakini kabla hujamaliza kukata imeshaanza kugeuka rangi ya chungwa juu ya ubao, na kisu kimebaki na madoa. Tia vipande kwenye maji, moto uwe mdogo, maji yafuke tu mvuke yasitokote, kwa sababu moto mkali unaipeleka rangi kwenye kahawia. Saa moja hivi ikipita, maji yamekuwa mekundu. Dondosha kipunje cha magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, na utaona wekundu unakolea hapohapo. Kitambaa kikilala humo kinatoka na waridi iliyopooza, karibu na rangi ya udongo mwekundu uliofifia. Kwenye rangi za pakiti sijaikuta. Sufuria iwe ya stili au ya enameli. Ile ya alumini ya kila siku magadi yanaila, na chungu cha chuma kitakugeuzia waridi yote kuwa kijivu. Na sufuria ikishaingia kazi hii isirudi kupika wali.

Hapo nimeruka kazi ambayo haipigwi picha, nayo ndiyo inayoamua yote. Kitambaa kipya lazima kifuliwe, na kufua kwenyewe si kule kwa kuchovya. Amerikani kutoka dukani imepakwa wanga kiwandani, na pamba yenyewe ina nta yake. Ichemshe na sabuni na magadi uone: kitambaa ulichokiona cheupe na safi kinaachia maji kama chai ya rangi. Usipokitoa hicho kitu, rangi yako inashika wanga, na siku wanga utakapofuliwa utaondoka nayo.

Kisha ndiyo shabu. Kariakoo ukiiulizia, muuzaji atakujibu, "Ya kunyolea au ya kusafishia maji, dada?" Mwambie ni ya kutilia rangi nguo, atakutazama mara mbili. Ni jiwe lilelile. Kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, gramu 10 hadi 15 zinatosha. Iyeyushe kwenye maji ya moto, loweka kitambaa, kisha ndipo kiende kwenye maji ya rangi. Pamba inapokea shabu vizuri zaidi ikiwa imetangulizwa kwenye maji ya tanini, kwa mfano ya maganda ya komamanga. Nyuzi za wanyama, kama hariri na sufu, hazihitaji mzunguko huo. Tetroni, ile ya sare za shule, usijisumbue nayo, maana sehemu yake kubwa huwa ni poliesta. Ukitaka kujua kitambaa ni cha aina gani, choma uzi mmoja. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kitone kigumu.

Sasa hiyo shabu ni chumvi ya aluminiamu. Ni kemikali, na mara nyingi imetoka kiwandani. Sioni aibu kuitumia, ila nashangaa anayeitumia kisha akaandika kwenye bidhaa yake "bila kemikali". Zipo hata kanuni zinazokuelekeza utie mrututu, ile chumvi ya buluu ya madini ya shaba, ili kijani kikolee. Mrututu ni sumu, unaua samaki, na maji yake ukiyamwaga mtaroni hujui yanaishia kwa nani. Kwangu hauingii ndani. Misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki inanitosha kukoleza rangi kuelekea kijivu na kijani cha zeituni, nayo naitia kidogokidogo, kwa kuwa chuma kikizidi nguo inachakaa mapema.

Ndiyo maana huwa sipendi wanaowabeza kina mama wa batiki. Wale wanashughulika na kostiki na haidro, kemikali za kushikisha rangi zao, wanajua zinaunguza, na fundi anayejiheshimu anavaa glavu na hakai juu ya ndoo akivuta ule mvuke. Mwenye mimea anaambiwa mimea haidhuru, basi anachemsha magome jikoni, madirisha yamefungwa, mtoto mgongoni. Batiki iliyotiwa rangi vizuri unaifua miaka. Kama unatafuta vazi la kuvaa na kufua kila siku, nenda kwa mama wa batiki.

Lililobaki ni hilo la mabibi. Mabibi zetu wa pwani walikuwa mafundi wa kutia rangi, ila fundi yule ukimtafuta utamkuta zaidi kwenye ukili. Mizizi ya mdaa ilitoa weusi, magome ya mkoko na mkandaa yakatoa wekundu, mikeka ikasukwa. Siku hizi hata huko rangi ya pakiti imeshika nafasi kubwa. Nguo ni habari nyingine. Kaniki walizovaa zilikuwa pamba iliyotiwa nili, na nyingi zilivuka bahari kutoka India. Mreno Duarte Barbosa, akiandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, walilima pamba na kufuma nguo nyeupe nyingi, lakini kwa kuwa hawakujua kuitia rangi, au hawakuwa na rangi zenyewe, walinunua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Cambay huko India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Nguo hizo ziliwaingizia dhahabu. Mimi habari hiyo inanifurahisha kuliko hadithi yoyote ya bibi na maua yake. Kaskazini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, kwenye visiwa vya Kerimba, nguo zilitiwa nili hukohuko. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo mahali na mahali haukuwepo, ukisafiri na biashara, na hakuna aliyeona haya kutumia rangi ya mwenzake.

Kilichoizika nili ya shambani kinajulikana. Mwaka 1856, London, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akaambulia rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Kufika 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikuwa inauza nili ya maabara. Mkulima hakuweza kushindana na bei ile, na sisi hatuwezi leo. Kokwa ni la bure, lakini gesi ya kulichemsha si ya bure, wala maji ya kusuuza mpaka yatoke meupe, wala siku yako nzima.

Mikoko nayo, ingawa nimeitaja, iacheni. Wakati wa Wajerumani magome ya delta ya Rufiji yalisafirishwa kwenda Ulaya kusindikia ngozi za wanyama, na leo misitu ile ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote unakufa umesimama. Anayetaka tanini kwa wingi aangalie miwati ya Njombe, inayopandwa hasa kwa ajili ya gome lake.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Kila kipande kiwe na kikaratasi: kitambaa gani, mmea gani, shabu au chuma, na kimefuliwa mara ngapi kabla ya kufika mezani. Cha manjano kiandikwe kuwa kitapauka juani, na bei yake ishuke. Cha kokwa au cha mtiki kilichokwisha kufuliwa na kuanikwa, muuzaji aongeze bei bila wasiwasi, mimi nitalipa.