Mlimani haikuzaliwa 1970

Mwandishi, habari yako kuhusu Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni nzuri ila umeteleza mwanzoni uliposema kilianza 1970. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanza 1970. Huo ni mwaka kilipopata jina hilo, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na Makerere, Nairobi na Dar kila mmoja akashika njia yake. Masomo yalianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, Sheria, na wanafunzi hawakujaa hata daladala moja. Majengo? Hayakuwepo! Chama cha TANU kilitoa jengo lake pale Mtaa wa Lumumba. Kuhamia kilimani kulikuja 1964.

Halafu umekipima kwa idadi ya wanafunzi tu, kana kwamba ni stendi ya mabasi. Hesabu na kilichozaa basi. SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, kilikuwa kitivo chake cha kilimo hadi 1984. Vyuo vikuu vya Muhimbili (afya) na Ardhi navyo vilikuwa vyuo vyake vishiriki hadi 2007. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, ambayo wengi tumeitumia shuleni, ilitoka TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya hapohapo Mlimani, siku hizi TATAKI.

Nakubaliana nawe kuhusu hali ya mabweni. Lakini picha uliyoweka si jengo la Utawala, ni Ukumbi wa Nkrumah. Ndio uliokuwa nyuma ya noti ya mia tano, kabla haijaondolewa kwenye mzunguko 2025.