Nyaraka shirikishi darasani: mwalimu anabaki na kazi gani?

Waraka shirikishi wa kidijitali ni somo ambalo mwanafunzi analifungua kwenye kifaa na kulipitia mwenyewe kwa mwendo wake: anasoma, anatazama video fupi, anaandika jibu, kisha anaendelea. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomeka bure mtandaoni, na hilo ni jambo kubwa, ila kitabu hakimjibu mtoto.

Chukua mada ya mafuriko. Waraka unaonyesha ramani ya Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, kuanzia vilima vya Pugu hadi unapoingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mwanafunzi anagusa eneo la Jangwani, anaona barabara imefunikwa na maji, kisha anaulizwa: kwa nini hapa panaweza kujaa maji hata kama mvua kubwa imenyesha Pugu na Kariakoo ni kukavu? Mtoto wa Magomeni ameyaona hayo kwa macho yake. Anaandika anavyofikiri, ndipo maelezo ya bonde yanafunguka. Swali hilo likiulizwa ubaoni, watalijibu walewale wanaonyoosha mikono kila siku. Hapa kila mmoja anajibu, na mwalimu mwenye darasa lililofurika anapata nafasi ya kukaa na yule ambaye hajaelewa hata bonde ni nini. Kwangu hiyo ndiyo faida inayozidi nyingine zote.

Wenye mashaka nao wana hoja nzito. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 waligawiwa walimu, si wanafunzi, na mwanafunzi haruhusiwi kwenda shule na simu. Watoto wanne wakigawana kifaa kimoja, anayejifunza ni yule mwenye kidole kwenye skrini. Intaneti hainisumbui sana, maana programu ya bure kama Kolibri husambaza masomo kutoka kompyuta moja hata pasipo mtandao.

Kinachonitia hofu ni maswali ya kuchagua. Mtoto anabonyeza A, nyekundu. B, nyekundu. C, kijani, anasonga mbele. Taarifa anayoipata mwalimu inasema amemaliza somo, na hakuna alichojifunza. Sweden, nchi isiyo na shida ya vifaa, mwaka 2023 iliamua kuongeza fedha za vitabu vya karatasi shuleni. Kwa hiyo tusidhani vifaa vikitosha mambo yamekwisha.

Hata hivyo naziunga mkono nyaraka hizi, kwa sharti kwamba zimtake mwanafunzi aandike sababu kwa maneno yake, na mwalimu ayasome majibu hayo kabla ya kipindi kinachofuata. Kusoma mwenyewe kusigeuke kuachwa mwenyewe. Na kuna mahali ambapo karatasi inashindwa waziwazi: mtoto wa shule ya serikali aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Waraka unaweza kumpa maana ya neno kwa Kiswahili pale pale anapoligusa.

Shida ni kwamba kuandaa waraka mmoja wa namna hiyo kunamla mwalimu saa nyingi, naye ana madaftari ya kusahihisha. TET ingeanza na mada chache za mfano, zilizo wazi kubadilishwa, ili mwalimu wa Mbagala aondoe Msimbazi na kuweka Mto Kizinga, ambao wanafunzi wake wanaujua.