Wapagazi wa Kentridge, wakitazamwa kutoka Ujiji

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwenye maandishi yake, lakini aliye juu ni askari na bunduki yake. Kwetu Kigoma na Tabora, ambako babu zetu walibeba mizigo tangu enzi za misafara, jambo hilo linauma. Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, shehena nyingi za jeshi zilikuwa zimesafiri vichwani mwa watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ile wanakadiriwa kufika 95,000, wengi wao kwa maradhi.

Aliyewaweka mbele ni William Kentridge, msanii wa video aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955. The Head & the Load, kazi yake ya jukwaani iliyofunguliwa London mwaka 2018, inachanganya waimbaji, picha za video na vivuli vya watu wanaopita na mizigo vichwani.

Wanaomlaumu wana hoja. Vivuli havina sura, na Mnyamwezi na Mmanyema wanamezwa na umati. Tena kazi hii ilitangulia London na New York. Johannesburg, mji wake mwenyewe, ilisubiri hadi 2023.

La umati halinisumbui sana, maana vita yenyewe ilikusanya watu hivyo: wanajeshi wa Nijeria na Gold Coast (Ghana ya leo) waliletwa kupigana huku. Ninachomtetea nacho hasa ni mkono wake. Tangu filamu yake ya michoro ya mkaa ya 1989 huchora, hupiga picha, hufuta kidogo, kisha huchora tena kwenye karatasi ileile. Alichofuta hakitoki chote; weusi wa mkaa hubaki, na mtu anayetembea huacha nyuma yake ukungu wa hatua zake. Sijaona namna bora ya kuwasimulia watu ambao wakubwa wa jeshi hawakujali kuandika majina yao.

La ukumbi ndilo ninalowaunga mkono wakosoaji. Onyesho zima linadai jukwaa refu mno na kundi kubwa la wasanii. Lakini filamu zake fupi za mkaa hazina maneno mengi, na zingehitaji ukuta na projekta tu. Vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Kigoma na Ujiji vina watazamaji waliozoea msimuliaji anayeingiza Kiswahili juu ya picha. Wapewe hizo, na wazee wa Ujiji wakae pale mbele waongeze majina wanayoyakumbuka.