Pilau kwa Namba za Atomi

Karanga zilikuwa wazo langu mwenyewe, sitamsingizia mtu. Nilipangiwa kufundisha kemia Kidato cha Pili katika shule moja ya bweni, darasa la wanafunzi 68, na mada ya kwanza ilikuwa muundo wa atomi. Nikajiambia atomi haionekani, basi tuile kwa macho kwanza. Nikaenda na maharage mabichi kuwa protoni, mahindi kuwa nyutroni, na karanga za kukaanga kuwa elektroni. Kila dawati likatengeneza sodiamu: protoni 11 na nyutroni 12 katikati, halafu elektroni 11 kuzunguka, mbili, nane, moja.

Nikageukia ubao kuchora. Nilipogeuka tena, hapakuwa na elektroni hata moja darasani. Sodiamu ya kawaida ikipoteza elektroni moja tu inakuwa ioni, yaani atomi yenye chaji. Zangu zilipoteza zote kumi na moja kwa muda wa kuchora duara, na maganda yake yalikuwa chini ya madawati.

Basi nikaachana na vyakula, au ndivyo nilivyodhani.

Wiki iliyofuata tukaingia kwenye jedwali la elementi, wenyewe wanaliita piriodiki tebo. Hapo ndipo walipoanza kunihoji. Mbona sodiamu haiandikwi So? Nikaeleza kwamba Na ni natrium ya Kilatini, na K ya potasiamu ni kalium. Wakanitazama kama mtu aliyewauzia kiwanja chenye mgogoro. Kiingereza kinawatesa, sasa na Kilatini tena?

Ndipo nikapata akili, ile akili inayomjia mtu mbele ya watu na baadaye anajuta peke yake. Nikawaambia, "Sikilizeni, alama hizi mnazijua tangu mnanyonya. Sodiamu ni Na. Nikeli ni Ni. Silikoni ni Si. Lanthanamu ni La. Hicho si Kiswahili?" Nikaandika Na na Ni ubaoni: nani. Bariamu mara mbili: baba. Darasa likaamka. Msichana mmoja akalalamika kwamba mama haandikiki, kwa sababu hakuna elementi yenye alama M wala Ma, na mimi nikamwambia apeleke malalamiko kwa Mendeleev, Mrusi aliyelipanga jedwali.

Nikatoa kazi ya nyumbani: kila mtu alete maneno matano ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa alama za elementi, na chini yake namba za atomi, yaani idadi ya protoni za kila elementi. Mtaala unadai elementi 20 za kwanza tu. Asubuhi yake walikuja na tangsteni, na lanthanamu, na yureniamu. Mmoja alileta kuku: potasiamu, yureniamu, potasiamu, yureniamu. Mwingine wali: W, Al, I. Mwingine supu. Ilinipasa nione kwamba maneno yote yanaelekea upande mmoja, lakini nilikuwa nimelewa sifa. Kijana wa dawati la nyuma akasimama na kuandika U, Ga, Li.

Ugali! Nilimpigia makofi. Nikawasimulia kwamba mwaka 1869 Mendeleev alipopanga jedwali lake aliacha nafasi wazi chini ya aluminiamu, akasema ipo elementi itakayokuja kukaa hapo, na mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaigundua galiamu. Bila Mfaransa yule, nikawaambia, ugali wenu ungekuwa na tundu katikati. Walicheka. Nilirudi ofisi ya walimu natembea kama niliyeigundua galiamu mimi.

Jaribio la mwisho wa mwezi lilinishusha. Niliuliza matumizi ya sodiamu, nikitegemea mtu ataje taa za barabarani. Mmoja akajibu: "Hutumika kuunganisha maneno mawili."

Halafu zikaanza namba. Kwanza kwenye kona ya ubao wa Kidato cha Pili: 19-8-4 39-92-15-8. Kila mwalimu aliyeingia alidhani ni hesabu ya kipindi kilichopita. Kisha asubuhi moja ukuta wa bwalo ukakutwa umeandikwa kwa mkaa, mistari minne mirefu.

Mwalimu wa nidhamu alizinakili kwenye daftari na kufunga ofisi. Kwanza alishuku mkeka, kwamba vijana wanabeti kwa simu zilizofichwa bwenini. Halafu akashuku mtihani umevuja na hayo ni majibu. Baadaye sana aliniambia kwamba kabla ya yote alikwenda nyuma ya choo akaziingiza kwenye simu yake, isije ikawa vocha.

Nikaitwa kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu wa historia, mpole, na hana haraka. Akikuita ofisini, toka mlangoni hadi kiti chake unaweza kutubu dhambi za mwaka mzima. Akalisukuma daftari mbele yangu taratibu.

"Mwalimu Boni, wewe ni mtu wa sayansi. Hivi ni vitu gani?"

Nilisoma mstari wa kwanza nikahisi jasho mgongoni. 92-31-3 74-53-19-53 39-8-52. Ugali wiki yote.

"Mkuu," nikasema, "hizi ni namba za atomi. Mwaka 1913 Moseley wa Uingereza alionyesha kwa eksirei kwamba kila elementi ina namba yake..."

"Sikuuliza Moseley. Zinasema nini?"

Nikamsomea wa kwanza. Nikamsomea wa pili, 15-53-57-92 3-28: pilau lini? Akaguna. Ya kweli hayo, pale pilau huonekana siku ya mahafali, na hata siku hiyo huionja zaidi mgeni rasmi. Mstari wa tatu nikausoma moyoni kwanza: 9-53-14 28 11-28? Fisi ni nani? Nao wa nne ulikuwa unajibu.

"Hii miwili ya chini," nikasema, "ni hesabu ya nyutroni tu, Mkuu. Wanajizoeza."

Mwalimu wa nidhamu hakuridhika. Akatoka, akarudi na binti mmoja mdogo wa dawati la mbele, yule yule niliyempa alama 23 kwenye jaribio.

"Shikamoo Mkuu. Shikamooni walimu."

"Marahaba. Soma hapa chini."

Hakuomba jedwali. Hakuhesabu vidole. "Florini, iodini, silikoni: fisi. Nikeli: ni. Sodiamu, nikeli: nani." Katika maisha yangu ya ualimu sijapata kusikia elementi zikitajwa kwa ufasaha ule, na ndani ya hofu yangu kulikuwa na kajisehemu kalikokuwa kanajivuna.

"Endelea."

"Florini, iodini, silikoni. Nikeli. Boroni, oksijeni..." Akanyamaza. Akanitazama kwa huruma. "Nikeli."

"Ikiunganishwa?"

Binti akaangalia sakafu. "Ni mwalimu huyu, Mkuu."

B, O, Ni. Fisi ni Boni. Nitajitetea kidogo. Mwalimu wa zamu analazimika kuonja chakula kabla wanafunzi hawajala, ndio utaratibu. Sikatai kwamba mimi huonja kwa bakuli. Wala sikatai kwamba siku ya nyama huonja mara mbili, ili kuwa na uhakika. Lakini fisi?

Mwalimu wa nidhamu alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Mkuu hakucheka. Alifunua ukurasa wa daftari, taratibu, akaweka kidole kwenye zile namba za kona ya ubao.

"Na hii 19-8-4?"

Mimi na binti tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mwalimu na mwanafunzi kuelewana kikamilifu katika shule ile. Kobe yupo. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiandikwa kila mkuu alipoonekana anakuja kule mwisho wa varanda, na kwa mwendo wake, darasa lilipata muda wa kunyamaza, kufungua vitabu, na hata kufagia.

"Potasiamu, oksijeni, beriliamu," binti akanong'ona.

"Ikiunganishwa?"

"Haziungani, Mkuu!" nikadakia. "Kikemia, hizo haziungani kabisa."

Uongo mtupu. Potasiamu na oksijeni huungana hata usipozitambulisha. Ndiyo maana potasiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta.

"Sawa," mkuu akasema. Akachukua kalamu, akanakili zile namba kwenye karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Hilo jedwali lako, Mwalimu, niachie hapa."

Hukumu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Darasa zima lilipaka ukuta wa bwalo chokaa, chokaa ikanunuliwa kwa mfuko wangu. Mpishi akaagizwa kwamba mwalimu wa zamu ataonja kwa kijiko, na kijiko chenyewe kitolewe na mpishi. Jumapili hiyo nilisimama jikoni na kijiko changu cha chai, nikanusa mchuzi kuliko kuula, na nje dirishani nikasikia mtu akisema pole pole, "Florini, iodini, silikoni."

Siku tatu zikapita kimya. Ya nne, asubuhi, kukawa na msongamano kwenye ubao wa matangazo. Nilijipenyeza. Palikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, ina nembo ya shule juu, na wanafunzi 68 wa Kidato cha Pili walikuwa wanawatafsiria wa vidato vingine, huku wengine wakiguna na wengine wakishika vichwa.

15-53-57-92 14 74-53-19-53 1-53-53.

Pilau si wiki hii.

Na chini kabisa, pale panapokaa sahihi, juu yake muhuri wa shule: 19-8-4.