Beseni la Moshi, stika ya Cardiff

Naishi Cardiff, Wales, mwaka wa tisa sasa. Kila nikija likizo Moshi wadogo zangu huuliza kama kuku wa kule ni mtamu kuliko wa huku. Kuku ni yuleyule jamani, wa kisasa, aliyekuzwa wiki tano au sita akachinjwa. Kinachotofautiana ni ulaji wake.

Julai iliyopita, kwenye baridi ile ya kuvaa sweta, tulikwenda na mama kula kuku karibu na Mbuyuni. Vipande vilikuwa vimeshachemshwa na tangawizi na kitunguu saumu, lakini kukaangwa ni mpaka uagize. "Dada, paja au kidari? Chipsi au ndizi?" Nikataka paja na ndizi. Tulingoja kama nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo nilijua nani kaolewa, nani kang'oa kahawa akapanda parachichi, na goti la bibi linaendeleaje. Kisha binti akaja na birika la maji ya uvuguvugu, sabuni na beseni. Akamwamkia mama, akaanza kumnawisha yeye.

Cardiff kuna Caroline Street, wenyewe wanaiita Chippy Lane kwa wingi wa maduka ya chipsi. Nikitoka zamu usiku napita huko. Kuku yuko tayari chini ya taa ya joto, dakika haiishi boksi liko mkononi. Vijana wanaouza ni watu wema, wengi wageni kama mimi. Lakini nakula nimesimama kituoni, sijanawa, peke yangu, na nikifika nyumbani najisikia kama sijala.

Ila wana jambo moja ninalolitamani sana. Mlangoni kuna stika ya usafi, alama kuanzia 0 hadi 5, inayotolewa na wakaguzi. Wales sheria inalazimisha kuibandika tangu 2013. Nimewahi kuona 1 nikageuza hapohapo.

Usiku ule Mbuyuni nilichungulia karai. Mafuta yalikuwa meusi, yanatoka povu. Nikamuuliza kijana yana siku ngapi. "Tunaongezea tu, dada." Najua bei ya mafuta ya kula, na najua faida yake ni ndogo. Lakini mama yangu anakula pale, ana presha, na hana namna ya kujua karai lipi ni salama isipokuwa kwa kukisia.

Sasa naona Moshi na Arusha migahawa mipya inafunguliwa: maboksi, taa za rangi, kuku aliyekwisha kukaangwa anasubiri mteja. Tumechukua boksi, tumeiacha stika, na beseni tunalitupa. Inaniuma, kwa sababu boksi ndicho kitu pekee cha kule ambacho sikuwahi kukitamani.

Desemba nikijaliwa nitarudi kwa yule kijana. Nitaomba kuona karai kwanza, halafu ndiyo niagize paja na ndizi.