Acheni kusifia "bila msumari"

Kila picha ya paa la hekalu la Kichina inayopita mtandaoni huja na sifa ileile: limejengwa bila hata msumari mmoja. Si kweli. Yingzao Fashi, kanuni za ujenzi za serikali ya Song (ukoo wa kifalme wa China) zilizochapishwa mwaka 1103, zina mpaka hesabu ya misumari ya makombamoyo. Kibaya zaidi, sifa hiyo inatupitisha mbali na mahali fundi alipoumiza kichwa: kina cha pengo linalokatwa pale vipande viwili vya mti vinapopishana.

Dougong, viungo vya mti vinavyobeba upenu wa paa hilo, ni vipande vya aina mbili vilivyopandana. Dou ni pia jina la chombo cha kupimia nafaka, kama pishi yetu, na kipande chenyewe kinafanana nacho: pande la mti lenye mfereji juu na mteremko chini. Gong ni mkono unaolala mferejini. Mikono hupishana msalaba, juu ya ncha zake hukaa dou ndogo zilizoshikwa kwa vigingi vya mti, kisha mikono mingine, mpaka upenu ubebeke.

Vipimo vyote huzaliwa na mkono: kimo fen 15, upana fen 10. Fen ni kipimo kinachokua na kupungua kulingana na jengo, kwa daraja 8. Katika daraja la tatu mkono ni cun 7.5 kwa 5, na cun ya Song ni kama sentimita 3. Dou kubwa ya kichwani mwa nguzo ina fen 32 kila upande, karibu nusu mita. Kimo chake ni fen 20: masikio (kingo za mfereji) 8, kiuno (sehemu ya katikati) 4, mteremko 8.

Sasa pengo. Mkono unaotoka nje kushika upenu hukatwa chini, fen 5 tu. Unaofuata ukuta hukatwa juu, fen 10. Seremala wengi wangegawa nusu kwa nusu wakaona wametenda haki, lakini mikono hii haina kazi moja. Wa nje umening'inia: ncha ikilemewa, nyuzi za juu zinavutwa, za chini zinabanwa. Pengo likiwa juu, ufa unaanzia hapohapo. Likiwa chini, na likakaza vizuri, mti unabanwa tu, na mti huvumilia kubanwa.

Kukaza ndiko kugumu. Mti mbichi ukikauka husinyaa kwa upana, pengo linalegea, uzito wote unahamia upande mmoja na sikio la dou linabanduka kufuata nyuzi. Dou hubanwa kwa kukingama nyuzi, ndiyo maana hupondeka mapema.

Pagoda ya Yingxian, mnara wa mti wa Kibuddha huko China, ya mwaka 1056, ina urefu wa zaidi ya mita 67 na aina 54 za dougong. Imepita matetemeko mengi kwa sababu viungo vyake husuguana na kusogea kidogo bila kuachiana. Leo ghorofa yake ya pili imeinama, na wako wanaotamani kuikaza kwa chuma. Mimi sikubaliani nao. Boliti hutoboa mkono palepale ulipokwisha kupunguzwa na pengo, na hukizuia kiungo kusogea. Dou iliyopondeka inyanyuliwe mzigo kwa jeki, itolewe, iwekwe mpya ya mti uleule, uliokauka sawasawa, bila gundi.